Bia ya Moto ya Masanja

Msibani kwa Masanja, pale Ngokolo, nilikuta viti vya plastiki arobaini na tatu. Nikahesabu tena, vikawa arobaini na tatu vilevile, na vitano kati ya hivyo miguu ilikuwa imefungwa kwa waya. Mwenye viti alikuwa amewatoza wafiwa bei ya vizima vyote. Nikamwita pembeni, nikamwonyesha kimoja kimoja, akaapa, nikamwacha aape mpaka amalize, mwishowe akavitoa vile vitano kwenye bei. Hiyo ndiyo ikawa rambirambi yangu ya kwanza. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nakingoja kilio changu kama mtu anayengoja basi la kutoka Chato huku ameshaambiwa limeharibikia Geita, na nilipoona hakiji nikaamua nifanye kazi ninayoijua.

Baada ya sala msemaji wa familia akashika kipaza sauti, akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa Didia, kuchimba dhahabu Geita, kupoteza mguu, kushona viatu hapa Shinyanga miaka yote iliyobaki. Akakunja karatasi. "Na yupo hapa mama mmoja," akasema. "Marehemu alikuwa hamtambulishi kwa jina. Alikuwa anasema, huyu ndiye aliyenihesabu. Simama, mama, watu wakuone." Nikasimama. Watu wakaguna kwa heshima, na bibi mmoja aliyekaa mkekani akaniinamishia kichwa. "Wabeja, mayu," akasema, asante mama. Nikakaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisimamishwa kwa maneno hayo, harusini, kanisani, sokoni mbele ya wateja wangu wa mchele, na kila mara nasimama, na kila mara nakaa, na maelezo yanabaki palepale yalipokuwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mali yangu ilikuwa begi moja na mdomo. Jinsi nilivyofika Geita haina faida kuieleza. Kila mtu pale alikuwa amefika kwa sababu ambayo hakuna aliyemuuliza. Mama Kulwa alinipa kaunta ya baa yake kwa kuwa siku ya kwanza tu alinikuta nabishana na muuza mkaa wake. Mkaa ulikuwa magunia manne. Niliyahesabu mara mbili, na mara ya pili nikayabonyeza, nikamrudisha muuzaji, kwa sababu magunia yalikuwa matatu na la nne lilikuwa majani makavu yaliyovalishwa mkaa juu. "Wewe mtoto una roho mbaya," Mama Kulwa akaniambia. "Utakaa kaunta."

Baa yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma na ukumbi wa mabati mbele yake, mabenchi sita, meza tisa ambazo hakuna mbili zilizolingana kimo, na ukuta wa bluu mpaka usawa wa kifua, pale rangi ilipomwishia fundi. Ulikuwa mtaa wa mwisho wa mji. Ukitoka uani unaona kilima, na kilimani maduara, mashimo ya wachimbaji, kila moja na kibanda chake cha turubai. Friji ilikuwa moja, ilitegemea jenereta, jenereta ilitegemea dizeli, na dizeli ilitegemea Mama Kulwa ameamkaje. Asubuhi tuliuza supu ya utumbo na chapati, mchana ugali na sangara wa kukaanga, na katikati ya hapo michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa kwa karanga kwa anayetaka kitu cha kutafuna huku anadanganya wenzake. Nililala chumba cha stoo, kati ya makreti, na harufu ya bia iliyochacha ilikaa kwenye nywele zangu mpaka nikaacha kuisikia. Geita yote niliifahamu bila kutoka nyuma ya kaunta. "Jana tumeupata mwamba, kaka, unacheka wenyewe." "Hata mwezi uliopita ulicheka, na bado unatembea na kandambili zangu." "Nazitumia kuogea tu." "Zirudishe, baba. Na miguu yangu nayo huwa inaoga."

Nyuma yangu kulikuwa na rafu mbili. Ya chini ilikuwa ya kuuza. Ya juu ilikuwa ya wanaoshuka. Hakuna mchimbaji wa duara la Mzee Ngusa aliyeshuka shimoni kabla hajanunua bia moja ya moto, isiyofunguliwa, akaiacha kwenye rafu ya juu na alama yake: mmoja alifunga uzi shingoni mwa chupa, mwingine alichora msalaba kwa mkaa, mwingine alichana lebo. Akitoka salama, anakuja kuinywa. Haiingii kwenye friji, haihamishwi, haiuzwi. Wengine walisema ni dawa, kwamba mtu aliyeacha kinywaji chake juu, ardhi haimng'ang'anii. Mama Kulwa alisema ni biashara. "Dunia nzima mlevi anakunywa ndiyo alipe. Hawa wangu wanalipa, wanazama ardhini, ndiyo wanywe. Niwakataze, nina wazimu?" Asiyerudi, bia yake ilipelekwa kilimani ikamwagwa mdomoni mwa duara. Kabla ya siku ninayoisimulia nilikuwa nimeshuhudia zikipelekwa mbili.

Rafu ile ilikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyeipanga. Daftari la Mzee Ngusa lilidanganya, kwa sababu watu walipeana zamu kimyakimya. Chupa hazikudanganya. Kukitokea tabu kilimani, mtu anasimama ukingoni anapaza sauti kuelekea kwetu: "Kaunta! Ngapi?" Nami nahesabu rafu ya juu, mara mbili kama desturi yangu, natoka uani nanyoosha vidole. Mimi mwenyewe sikuruhusiwa kupanda. Njiani kulikuwa na kigingi kilichofungwa kitambaa chekundu, na mwanamke hakikiuki, dhahabu ingekimbia. Vidole vyangu tu ndivyo vilivyokuwa vinapanda.

Masanja alikuwa wa kuchana lebo. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kula tu ndiyo mama yake alifanikiwa kumbadilisha. Alikuwa anaishika chupa kwa mkono wa kulia, anapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye kona ya lebo, anaivuta taratibu kama anayemvua mtoto soksi. Na kila siku alikuwa ananiuliza bei ya bia, ingawa anaijua.

"Dada Kaunta, imepanda?"

"Haijapanda."

"Basi punguza."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mimi nashuka. Sinunui kwa bei moja na mtu anayekaa juu."

Siku ile haikuwa zamu yake. Wenzake watano walikuwa wameshashuka, chupa zao tano ziko juu, na yeye akaingia peke yake huku mtu wa kamba wa duara lao, anayewashusha, amekaa pale ukumbini na bakuli la supu. Akainama kaunta akanong'ona. "Shija ana homa, kanipa zamu yake. Nakwenda njia ya pembeni kujaza mifuko. Usiseme, Mzee Ngusa akisikia atamnyima mgao wa mawe." "Mimi nauza bia, siuzi habari," nikamwambia. Akacheka, akachana lebo, nikaiweka ya kwake mwisho wa rafu. Sita. Akapanda kilimani, akajishusha mwenyewe kwa ngazi. Mtu wa kamba alikuwa bado anaomba aongezewe ndimu.

Kama saa nne akaingia mnunuzi wa dhahabu kutoka Mwanza, viatu vyeupe, shavu limevimba. Alitaka bia ya moto kwa kuwa jino lake halikuweza baridi. Rafu ya chini ilikuwa tupu. Gari la bia lilitakiwa lifike jioni. Akaonyesha juu kwa kidevu. "Zile?"

"Zile zina wenyewe."

"Kila kitu kina mwenyewe, dada, mpaka kipate bei."

"Bei ya bia tatu."

"Tatu! Hiyo inakuja na kitanda?"

"Inakuja ikiwa imefunguliwa."

Tulifika mbili na nusu. Nilichukua iliyokuwa karibu na mkono, ya mwisho, ya Masanja. Nilifurahi. Kuficha hilo kungekuwa uongo wa pili, na wa kwanza unanitosha. Gari likija jioni nitaweka nyingine, nitaichana lebo, atajua nani? Yule bwana akanywa upande wa jino zima, akaenda zake, nami nikaitupa chupa kwenye kreti la matupu. Kwangu kitu kikishauzwa hakipo tena. Hiyo ndiyo tabia iliyonifanya niwe na nyumba leo.

Saa nane mchana ardhi ilitoa mlio mmoja mfupi, kama gunia la mahindi linapotupwa kutoka kwenye lori. Hata glasi hazikugongana. Kisha nikasikia mbio, na kisha sauti ukingoni mwa kilima. "Kaunta! Ngapi?"

Nikageuka. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikarudia kuanzia upande wa pili. Tano. Nikatoka uani nikanyoosha mkono mmoja, vidole vyote.

Nimejiuliza sana kama wakati ule nilimkumbuka Masanja. Jibu ni kwamba sikumkumbuka mtu yeyote. Niliulizwa idadi nikatoa idadi. Huko juu nako daftari lilikuwa na majina sita, na mojawapo lilikuwa la Shija, na mtu wa kamba akasema Shija nimemwacha baa amejifunika blanketi anatetemeka. Kwa hiyo daftari likasema tano, chupa zikasema tano, na Mzee Ngusa akasema Mungu mkubwa, angalau tunajua. Shija alikuwa pembeni ya ukumbi, kwenye benchi la ukutani. Alikuwa ananitazama mimi. Nikadhani ni homa.

Jua lilipokuwa linazama walikuwa wamewatoa watano. Watatu wazima, wawili marehemu. Idadi ilitimia, watu wakashuka na sururu zao. Wale watatu walikunywa bia zao, zile mbili zikapelekwa kumwagwa, nami nikapangusa rafu ya juu kwa kitambaa kwa kuwa ilikuwa tupu na vumbi lilionekana. Gari la bia halikuja. Nililala vizuri. Nalisema hilo kwa kuwa ni kweli.

Lilikuja asubuhi, saa moja, na dereva analalamika barabara. Nikapokea makreti kumi na mawili, nikayahesabu tena, kumi na mawili. Nikatoa chupa moja, nikaichana kona ya juu ya lebo haraka haraka, kwa kuwa deni la rafu lilikuwa bado kichwani kama kazi ndogo iliyobaki jana, nikaiweka pale pale mwisho. Nikarudi nyuma hatua moja. Moja. Nikahesabu tena. Moja. Chupa moja kwenye rafu ya juu, maana yake mtu mmoja yuko chini.

Sikupiga kelele. Nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya kaunta, nikatoka uani nikaanza kupanda. Nilipita kigingi chenye kitambaa chekundu, na wanaume waliokuwa wanakusanya kamba wakasimama.

"We dada, rudi! Hujaona kitambaa?"

"Nimekiona. Kuna chupa ya sita."

Mzee Ngusa akatoka kwenye turubai na kikombe cha chai. Nilimwamkia shikamoo, akasahau kuitikia. "Jana ulionyesha mkono mmoja," akasema.

"Jana moja ilikuwa imebingirika nyuma ya kreti." Uongo huo niliutengeneza njiani, na nilipoutamka ulikuwa umeshakuwa mzuri kuliko ukweli.

"Wewe? Unayehesabu mpaka punje za karanga?"

"Mimi."

"Ya nani?"

"Ya Masanja."

"Masanja hakuwa zamu."

Nikageuka. Shija alikuwa amenifuata, blanketi mabegani, amesimama upande wa pili wa kitambaa kama vile yeye ndiye mwanamke. "Shija," nikasema, "zamu yako alishika nani?" Akachuchumaa palepale. "Nilimpa," akasema. "Nilimpa Masanja. Nilipoona vidole vitano nikadhani ameshatoka." Wiki ile ile aliondoka Geita, na sijapata kukutana na mtu aliyemwona.

Mzee Ngusa hakuwa mtu mbaya. Alisema matimba, zile nguzo za shimoni, yameng'oka. Alisema tangu jana mchana, nani atakuwa mzima? Ameshapoteza wawili, apoteze na wa tatu kwa kutafuta maiti? Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na mimi sikuwa na maneno ya akili. Nilikuwa na kazi yangu tu.

"Chimbeni mpaka saa kumi," nikasema.

"Sichimbi."

"Saa nane."

"Mama, nimesema sichimbi!"

"Basi saa sita. Lakini hapo nimeshapata hasara, Mzee."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakutaka, kilimtoka tu. Wa pili akacheka, na kicheko kile kikafanya ambacho sidhani machozi yangefanya: wanaume wawili wakaanza kufunga kamba viunoni bila kumtazama mwenye duara. Mzee Ngusa akamwaga chai yake chini. "Saa sita," akasema. Walichimba mpaka saa tisa.

Masanja alitoka mzima, amekuwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyeanguka kwenye unga, mguu wa kulia umelaliwa na nguzo tangu jana yake. Kitu cha kwanza alichouliza ni saa ngapi. Hospitalini nilikwenda na chupa ya chai nyuma ya Mama Kulwa, na daktari akamweleza koridoni kwa sauti ya mtu anayesoma risiti: angeletwa jana, mguu ungepona. Mama Kulwa akashika mdomo. Mimi nikauliza chai niiweke wapi.

Masanja alikaa wodini miezi miwili. Chupa ilikaa rafuni miezi miwili, na kila asubuhi niliipangusa. Kisha siku moja mchana, ukumbi umejaa, sangara wanakaangwa, nikasikia magongo kwenye sakafu ya saruji. Watu wakageuka meza moja baada ya nyingine. Akafika kaunta.

"Dada Kaunta, imepanda?"

"Haijapanda."

"Nipe yangu."

Nikamshushia. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye lebo, kikasimama. Akaigeuza chupa. Akaitazama kitambo, kisha akanitazama mimi, kitambo kama kile kile. Nilidhani anaomba dua. "Hii siinywi leo," akasema, akaitumbukiza ndani ya shati. Halafu akawageukia watu, akapaza sauti. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyenihesabu." Wakapiga makofi, wakagonga meza, mmoja akaninunulia soda. Mama Kulwa akasema kwa huzuni kabisa kwamba mteja amepona lakini biashara imekufa, na kweli Masanja hakugusa pombe tena. Mwisho wa mwaka nikachukua begi langu nikaenda Shinyanga kuuza mchele. Miaka mitatu baadaye nikamkuta amekaa chini ya mwavuli karibu na soko, na nyundo, na misumari mdomoni, fundi viatu mwenye mguu mmoja anayeshona vya watu wa miguu miwili.

Nilimpelekea viatu vyangu vyote, na vya watoto. Hakuwahi kutaja bei. "Kiasi gani?" "Acha, dada." "Taja, nitapunguza mwenyewe." "Acha." Shinyanga nzima nimepatana na kila mtu, na wapiga debe, na mapadri, lakini mtu asiyetaja bei huwezi kupatana naye, unabaki umesimama na pesa mkononi kama mwizi anayerudisha. Na mteja akipita, ananionyesha kwa nyundo. "Unamjua huyu? Huyu ndiye aliyenihesabu."

Basi siku ya msiba, watu walipokwisha kula, mjane wake, Mama Hepi, akaniita chumbani. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati la kioo na harufu ya gundi ya viatu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kabla sijakaa, nisije nikakaa nikanyamaza. "Mama Hepi, siku ya kwanza niliwaambia watano. Chupa yake nilikuwa nimeiuza. Walikwenda kulala kwa sababu yangu." Nilisema yote, na jino la yule mnunuzi, na bei. Alinisikiliza huku anatafuta kitu uvunguni. Hakuacha kutafuta.

Akatoa kifurushi cha kanga, akakiweka mapajani mwangu. Ndani mlikuwa na chupa ya bia, haijafunguliwa, kizibo kimeshika kutu. "Alisema akitangulia yeye, nikupe," Mama Hepi akasema. "Alisema ni yako, yeye aliishika tu."

Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Lebo ilikuwa imechanwa kona ya juu, upande wa kulia. Kwa mkono wangu, huu wa kulia, asubuhi ile nikiwa na haraka. Za Masanja zilichanwa kushoto, kila siku, mwaka mzima, mbele ya macho yangu yanayohesabu kila kitu mara mbili. Alijua tangu mchana ule pale kaunta, kidole kiliposimama. Alijua ile si chupa yake, na mtu aliyezoea rafu ile hakuhitaji kuambiwa ya kwake ilikwenda wapi. Akageuka akawaambia watu nilimhesabu, na akaendelea kuwaambia mpaka wiki iliyopita. Sijui kama alikuwa ananisamehe au alikuwa ananitoza kidogo kidogo.

"Hakusema kingine?" nikamuuliza.

"Alisema ukiuliza bei, nisitaje." Akasimama, akajitanda kanga ile ile iliyokuwa imefunga chupa. "Kunywa chai, mama, inapoa."

Nikanywa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, chupa kwenye mfuko wa mchele. Nimeiweka juu ya kabati, peke yake, mahali ninapoiona nikiwa kitandani. Asubuhi hii nimeihesabu. Nimeihesabu tena. Ni moja.